Kiti cha Nyanya Katika Darasa la Nne

Jumapili jioni nilikuwa nasonga ugali simu ikaanza kulia ule mlio wa kikundi cha wazazi. Mimi kile kikundi huwa sikifungui. Ni kelele tupu: nani kapoteza sweta, nani anauza parachichi, nani anamwombea nani. Lakini binti yangu, aliye gredi ya nne, ndiye alikuwa ameshika simu, akanisomea kwa sauti huku jasho linanitoka. Mwalimu wao alisema wiki inayoanza kesho ni wiki ya lugha ya mama. Kila mtoto aje na maneno kumi ya kwao, aandike maelezo ya kitu kimoja cha nyumbani, na Ijumaa mzee wa familia aje akae naye mbele ya darasa wakati anasoma.

"Ya dadi niko nayo," akasema. "Shosho wa Mukurweini atakuja. Lakini ticha amesema ukiwa na mbili unaleta mbili. Yako ni gani, mami?"

Ugali ukashika chini. Nikamfokea aweke simu mezani, aoshe mikono, aache maswali watu wakipika. Akanitazama tu, maana hakuwa amekosa lolote, na mimi nilijua. Rafiki yangu, niache nikwambie kilichonifanya nimfokee mtoto wa watu wakati ni wangu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa askari polisi, Mbukusu wa kutoka chini ya Mlima Elgon. Mama ni Mkamba. Walikutana kazini, wakaoana, na lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili. Ila mimi, kwa sababu walikuwa wakihamishwa kila mara, nililelewa na nyanya, mama yake baba, huko magharibi hadi nilipofika miaka saba. Kwa hiyo neno langu la kwanza lilikuwa la Kibukusu, na matusi yangu ya kwanza pia. Kisha baba akapelekwa Naro Moru, akapewa chumba katika nyumba za mabati za polisi, nikaletwa kukaa nao. Baridi ya pale, acha tu. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu, na mama alinivika soksi mbili mbili.

Nyanya alikuja miaka miwili baadaye, nikiwa darasa la nne, kwa ajili ya macho. Yalikuwa yameingia utando. Aliona mwanga na kivuli, basi. Baba alimpeleka kwa daktari Nyeri mjini, wakaambiwa warudi, wakaambiwa wangoje, na katika kungoja huko akaishi nasi karibu mwaka mzima. Aliteremka na begi moja na gunia la maganda makavu ya maharagwe. Mama aliliangalia lile gunia akashika kiuno. "Mama, hata Naro Moru kuna takataka," akasema kwa Kiswahili, na nyanya, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akacheka bila kujua ameambiwa nini.

Yale maganda hayakuwa takataka. Aliyachoma, akakusanya majivu, akayajaza katika kopo kuukuu la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu chini na kutandikwa nyasi kavu. Kopo akaliegesha juu ya sufuria, akamwagia maji kidogo kidogo. Yalishuka tone, tone, tone, ya rangi ya chai ya rangi, na harufu yake ilipanda hadi puani ikakaa huko. Ukipikia mboga ya mrenda maji hayo inalainika na kuteleza kooni yenyewe, hata chumvi huitafuti. Nyanya alipima nguvu yake kwa ncha ya ulimi. Yakiwa makali mno alikunja uso na kutema, nami nilicheka hadi nikakaa chini.

Nyuma ya nyumba za polisi aliishi mama mmoja mzee, mwenyeji, aliyetuletea maziwa. Tulimwita shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu, kama watoto wote walivyomwita. Yeye na nyanya hawakuwa na hata maneno kumi ya pamoja. Lakini jua likitoka saa tatu ungewakuta wameketi ukutani bega kwa bega, huyu anaongea Kikuyu, huyu anaongea Kibukusu, kila mmoja anaitikia mahali anapodhani panafaa. Shosho alimletea maziwa, nyanya akampa chupa ya maji ya majivu. Shosho alimwambia mama kwamba tangu aanze kuyatia katika githeri yake, maharagwe yanaiva kabla ya kuni kuisha.

Na kila asubuhi nyanya aliniuliza habari za mlima uliokuwa mbele yetu. Kwao kuna mlima pia, lakini huo wa kwao hauna kitu cheupe juu, ile theluji, na alikuwa ameambiwa huu unacho. Nilipokuwa navaa viatu aliniuliza kwa lugha yetu kama umetoka mawinguni. Nikimwambia umetoka, aliuliza, mweupe kama nini leo? Siku za kwanza nilimjibu vizuri. Mweupe kama unga uliomwagika. Mweupe kama jino la mtoto. Siku nyingine kama povu la maziwa ya shosho. Alikaa na jibu hilo mdomoni siku nzima, na jioni akamsimulia baba mlima ulivyokuwa, kana kwamba ni yeye aliyeuona.

Sasa, shuleni kwetu kulikuwa na diski. Kama umesoma shule za huku miaka hiyo unaijua. Kilikuwa kibao cha mbao chenye tundu na kamba. Ukisikika ukiongea lugha ya kwenu unavishwa shingoni, na ukitaka kujivua umsikilize mwingine akiteleza umpe. Jioni aliyebaki nacho anachapwa, pamoja na wote kilikopitia. Mimi sikuwahi kukivaa, kwa sababu nyepesi kwamba hapakuwa na wa kuongea naye Kibukusu. Hadi asubuhi moja niliposahau sweta.

Nyanya akaileta. Alifuata ua wa shule kwa mkono, akasimama, akaniita jina langu la nyumbani kwa sauti yake yote. Ilikuwa saa ya gwaride. Nikakimbia nikamjibu kwa lugha yetu: asante, rudi polepole, kuna mtaro hapo mbele. Hayo tu. Nikavishwa diski kabla sijavaa sweta. Nilikaa nayo kutwa nzima, maana wenzangu waliona nimeivaa wakachunga ndimi zao. Jioni nilichapwa viboko vinne. Msichana tuliyekaa naye dawati moja akaanza kutembea amefumba macho, mkono mbele, akipapasa ukuta, na darasa zima likapasuka kwa kicheko.

Viboko vilipoa kesho yake. Kile kicheko hakikupoa. Tangu siku hiyo sikumjibu nyanya kwa lugha yetu tena, hata ndani ya nyumba. Akiniuliza kitu nilitikisa kichwa. Mtu haoni, nami namtikisia kichwa! Alikuwa anauliza mara mbili, mara tatu, halafu ananyamaza, nami nikajiambia kwamba nimemjibu. Habari za mlima nilimpa kwa Kiswahili: upo, au haupo.

Ndipo ikaja ile wiki. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa mwanamke kijana, mgeni shuleni, na sijui alipata wapi ruhusa. Jumatatu asubuhi alimvua diski mtoto aliyekuwa nayo, akaitundika kwenye msumari juu ya ubao. "Wiki hii hakuna wa kuivaa," akasema. "Kila mtu ataongea na kuandika lugha ya nyanya yake." Darasa likalipuka Kikuyu kama mfereji umefunguliwa. Tuliokuwa wa kuja, watoto wa polisi na wa walimu, hatukufika watano, tukatazamana.

Alitufundisha kuandika maelezo, na nakwambia kweli, sijapata kufundishwa vizuri vile tena. Alitufumba macho kwa leso, akatupitishia vitu: kiazi chenye udongo, ngozi ya ng'ombe, kipande cha kuni ya mti wa mlimani. "Usiniambie ni kizuri," alisema. "Mwandikie mtu asiyeona. Kinanukaje? Kizito namna gani? Ukikigonga kinalia vipi?" Kila alipotamka hayo maneno, mtu asiyeona, shingo yangu ilipata moto. Darasa zima lilikuwa linamtafuta mtu wa namna hiyo kichwani, na mimi wangu alikuwa nyumbani ananingoja na uji.

Jumatano akatupa barua za kupeleka kwa wazazi. Ijumaa, saa nne wakati wa mapumziko, watoto wanaoishi karibu wakawafuate wazee wao, kila mzee akae kwenye kiti mbele, mtoto asome. Nilitaka kuitupa ile barua mtoni. Baba akaikuta mfukoni mwa sketi, kwa sababu polisi ni polisi hata nyumbani. Akamsomea nyanya kwa lugha yao. Sikuwahi kumwona mwanamke mzee akifurahi vile. Usiku huohuo, kwenye taa, alianza kuchekecha majivu.

"Atakufuata Ijumaa saa nne," baba akamwambia. "Mimi niko kazini kwenye kizuizi cha barabarani, lakini yeye atakufuata." Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Usinihukumu bado. Au nihukumu, haidhuru. Niliona kicheko kile kikirudi na nyanya mwenyewe akiwa katikati yake, ameshika kopo, ananuka majivu, anatoa sauti kubwa kwa lugha ambayo hakuna mwingine darasani aliyeijua. Alhamisi jioni nikaenda kwa shosho. Kikuyu cha uwanjani nilikuwa nacho cha kutosha. Nikamwomba anipe maneno ya kukama ng'ombe: kiwele, kamba ya miguu, mlio wa maziwa yakigonga ndoo tupu na mlio wake ndoo ikijaa. Alinipa yote kwa furaha. Nikamwambia kesho aje akae nami shuleni. Akauliza, kwa Kiswahili chake, "Na nyanya yako?"

"Anaumwa miguu," nikasema.

Ijumaa saa nne nilitoka mbio. Ili kufika kwa shosho kabla mapumziko hayajaisha ni lazima upite mbele ya mlango wetu, njia nyingine ni ya kuzunguka. Nyanya alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa cha bluu ambacho mama alikuwa amempigia pasi. Mapajani alishika chupa ya maji ya majivu, imefungwa kwa kitambaa safi, na miguuni kulikuwa na lile kopo, ameliosha. Nikavua viatu. Nikapita kwenye nyasi, viatu mkononi, hatua kwa hatua, nimebana pumzi. Nilipokuwa karibu naye kabisa aliinua uso.

Aliuliza kwa lugha yetu, "Ni wewe?"

Mungu anisamehe. Nilisimama pale kwa muda wa kuhesabu tano, nikiona mdomo wake umeanza kutabasamu, kisha nikaendelea kutembea.

Shosho nilimpitisha njia ya juu, kwenye mashamba ya viazi, nikidai ndiyo ya mkato. Darasani alikaa kwenye kiti kile mbele, mikono magotini, na mimi nikasoma. Nilisoma vizuri. Nilisoma maziwa yanavyolia ndooni hadi wazee wengine wakaanza kuguna kwa kukubali, na mmoja akapiga kofi pajani. Msichana wa dawati langu hakucheka. Mwalimu aliifuata kazi yangu akaibandika ukutani palepale, akawaambia wenyeji waone haya, mtoto wa askari anaandika Kikuyu kuwashinda. Kisha akainama, akaniuliza taratibu, "Lakini nilitaka ya kwenu. Kwani nyanya yako hayuko?"

"Alirudi kwao, mwalimu."

Shosho Kiswahili hakuwa nacho cha kuongea sana, lakini cha kusikia alikuwa nacho. Nilimwona anaigeuza shingo. Alingoja hadi mwisho, akashukuru kwa chai na mkate, akatoka nami. Safari hii hakukubali njia ya juu. Alinishika kifundo cha mkono na kunipeleka njia ya nyumbani.

Nyanya alikuwa palepale. Jua lilikuwa limehama, likamwacha kivulini, na kule kivulini kuna baridi, lakini hakuwa ameingia ndani kuchukua shuka. Nadhani aliogopa nisije nikamkosa. Aliposikia nyayo akauliza neno moja tu: "Bado?"

Nikajibu kwa Kiswahili, "Imeisha."

Hakuuliza imeishaje. Alipapasa chupa mapajani, kitambaa chake bado hakijafunguliwa, akainyoosha mbele, na shosho akaipokea. Shosho akakaa chini, ardhini kabisa, karibu na kigoda. Akanitazama mimi niliyesimama na viatu vyangu vizuri miguuni.

"Wewe mtoto," akasema. "Huyu mama amekaa hapa tangu asubuhi. Na mimi nimeenda kukaa kiti yake."

Hakunisemea kwa baba. Naye nyanya jioni, baba alipouliza mambo yalikwendaje, alijibu kitu kifupi kwa lugha yao, na baba akanipiga bega kwa kunipongeza. Nilisikia vizuri alichosema. Alisema nilisoma vizuri sana.

Jumamosi mlima ulitoka wote, hakuna wingu hata la kidole. Nilivaa viatu polepole pale mlangoni. Nilikuwa na jibu tayari, kwa lugha yetu, nimelipanga tangu usiku: mweupe kama kitambaa safi kilichofungwa kwenye chupa. Nilimngoja aniulize. Hakuniuliza. Jumapili hakuniuliza. Nilikuwa nakohoa, naangusha kiatu, nasema kwa Kiswahili kwamba leo hakuna mawingu, naye anasema vyema, vyema, huku anachambua mboga. Na mimi, mpumbavu, sikujua kwamba mtu anaweza kuambiwa bila kuuliza.

Muda mfupi baadaye daktari akasema macho yamechelewa. Nyanya akarudi magharibi na begi lake moja. Kopo alimwachia shosho. Alikufa nikiwa kidato cha kwanza, na nilipofika mazishini nilikuta shangazi zangu wanalia kwa maneno ambayo nilikuwa nayaelewa nusu. Baba naye amekufa. Kila mwaka maneno mengine yalipungua, hivi hivi, bila mtu kuniibia. Leo nikimsikia Mbukusu akiongea kwenye simu pale stendi ya Nyeri nasimama nyuma yake kama mwizi, nikingoja angalau neno moja linijue.

Basi Jumapili ile nilikula ugali wangu ulioungua nikafikiria kumpigia binamu yangu wa magharibi. Angenitumia maneno kumi kabla sijamaliza kuosha vyombo. Nikashika simu, nikaiweka. Kuazima nilishaazima mara moja.

Jumatatu nikanunua maganda ya maharagwe kwa mama mmoja wa sokoni, aliyeniona nimerukwa na akili. Nikachoma nyuma ya ploti hadi jirani akagonga mlango. Nikatoboa kopo. Binti yangu akachuchumaa kando, kidevu magotini, akisikiliza tone, tone, tone. Nilimsimulia yote, hata viatu mkononi. Nilipofika hapo aliacha kuniangalia akaangalia sufuria.

"Haya maji yanaitwaje kwa lugha yenu?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Harufu ilikuwa pale pale, puani, ileile. Ncha ya ulimi ilikuwa inawasha. Jina halikuja.

Ijumaa tulikaa mbele ya darasa lake watatu, mama mkwe wangu wa Mukurweini na mimi kwenye viti, mtoto katikati amesimama. Alisoma ya Kikuyu kwanza, watu wakapiga makofi. Kisha akasoma ya pili, kwa Kiswahili, kuhusu maji ya majivu, na alisoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma mimi. Alikuwa ameacha nafasi tupu kwenye karatasi, na kila alipofika kwenye mojawapo alinyamaza kidogo, halafu akaendelea.

Mwalimu wake, kijana mpole, akauliza hapo palipo wazi panakosekana nini.

"Ni jina," akasema. "Mami bado hajakumbuka."

Wakacheka, kicheko cha upendo tu, na mimi nikacheka nao. Diski hakuna siku hizi, nashukuru. Zile nyumba za mabati zimebomolewa, shosho alishazikwa, na ukuta ulioshikilia kazi yangu umepakwa rangi mara sijui ngapi. Dirisha la darasa la binti yangu linatazama mlima, na siku hiyo ulikuwa wazi. Nikautazama kwa muda mrefu. Juu kumebaki jiwe jeusi na vipande vichache vyeupe, vidogo. Nyanya angeniuliza leo ni mweupe kama nini, hata huo weupe ningeutafuta kwanza.